Michirizi ndani ya Kioo

Kila akitoka shule, Mastura alimbeba mdogo wake, Mudathir, ili mama yao akauze mihogo ya kukaanga sokoni. Leo alisimama mlangoni, mikono nyuma, hofu imemjaa. Jana alimbeba akiwa mzima. Leo mtoto anachemka mwili.

Jana hiyohiyo, darasani, Mwalimu Devota alikuwa amewaonyesha wanafunzi sanduku la kioo lenye mvuke wa spiriti. Mara michirizi myeupe ikakatiza ndani, wala hapana aliyegusa kitu.

"Hizo ni njia za chembe ndogo mno zitokazo angani," alisema mwalimu. "Hutupita mwilini kila wakati."

Mastura hakusikia lingine. Pua yake ilikuwa imegusa kioo!

Sasa Bibi alikuwa akimfunga Mudathir kwa khanga ampeleke zahanati. Mastura akashindwa kuvumilia.

"Bibi, ni mimi! Nimemletea jini. Alikuwa kwenye kioo cha shule, akanipitia."

Bibi akaifungua khanga. "Basi hili si la zahanati, mjukuu wangu." Akawasha chetezo, akatia ubani.

Moshi ukatanda. Mudathir akakohoa, macho yakamlegea. Mastura akaogopa maradufu: je, kama hakuna jini, na yeye ndiye aliyezuia safari? Akatoka mbio, roho mkononi, hadi kwa Mwalimu Devota, mtaa wa pili. Akamweleza yote huku akilia. Mwalimu hakungoja hata kuvaa viatu vizuri.

"Shikamoo, Bibi," alisema alipofika mlangoni.

"Marahaba."

"Alichoona Mastura si jini, ni chembe ndogo mno za angani. Zilikuwepo kabla ya kioo changu. Zinatupita tangu tuzaliwe, wala haziambukizi homa. Tafadhali, mtoto apimwe."

Bibi akamtazama mtoto, kisha akachukua khanga yake. "Dua nimeshasoma. Twendeni."

Kule zahanati, nesi alichukua tone la damu. Mstari wa pili ukajitokeza kwenye kipimo: malaria. Mudathir akapewa dawa, na siku zilizofuata homa ikashuka.

"Wataalamu wa fizikia hugonganisha chembe kwenye mitambo mikubwa," Mwalimu Devota alimwambia Mastura alipokuja kumjulia hali mtoto. "Hufuata alama zinazobaki, wakajua ulimwengu umeundwa na nini. Nesi naye alifuata alama. Kitu kisichoonekana tunakipima, Mastura, hatukibuni kwa woga. Na ukiogopa, uliza mapema."

Bibi akageuza viganja vyake, akavikagua. "Hata sasa zinanipita?"

"Hata sasa, Bibi."

"Haya, zipite salama. Mastura, mpokee mdogo wako, mkono umeniuma."

Mastura akanyoosha mikono, akampokea.