Nishikie Duka

Jioni ile nilikuwa natafuta vifungo viwili tu. Mwanangu Heriel, wa miaka sita, alirudi kutoka shule shati limeachia vifungo kifuani, na kesho yake walikuwa wanapigwa picha. Kariakoo wenye maduka walishaanza kufunga. Kaka mmoja, Sadalla, anayepanga mikanda chini pale Mtaa wa Narung'ombe, alituona tunahangaika. Akasogeza mikanda yake ili tupite bila kukanyaga maji machafu.

"Jaribu kichochoro hicho, mama. Kuna vifremu, viduka vya vitu vya kushonea."

Watu wa sokoni wanasemwa vibaya, lakini mimi wamenisaidia mara nyingi.

Mwisho wa kichochoro, chini ya ngazi za ghorofa, palikuwa na fremu moja yenye mlango wa mbao. Taa ya njano. Harufu ya nguo zilizofungiwa siku nyingi... na nyingine tamu, kama maziwa yanapoanza kuungua.

Ndani alikaa msichana wa miaka kumi na moja hivi. Koti lake la kazi, la bluu, lilimbana hadi mikono haishuki vizuri.

"Karibu mama. Mimi Josepha. Najifunza kazi hapa."

"Bosi wako yuko wapi?"

Akaonyesha pazia la nyuma kwa kidevu. "Fundi yuko ndani. Huwa hatoki."

Ukuta mzima ulikuwa droo ndogondogo, kila moja na kikaratasi. Nikasoma: Vifungo. Sindano. Kisha: Usingizi wa Mchana. Kicheko cha Bibi. Mvua ya Kwanza. Miandiko ilikuwa tofauti tofauti, yote ya kitoto. Nikacheka, nikajua wanajichezea.

Josepha akavuta droo ya mvua. Tukaisikia. Mvua kabisa, juu ya bati! Heriel akaruka kwa furaha. Josepha alimfuta kamasi kwa mkono wa koti lake, taratibu, kama dada yake wa kuzaliwa. Nikampenda palepale.

Akanisogelea.

"Mama, nishikie duka kidogo. Nichungulie nje tu."

Kariakoo neno hilo halikataliwi. Jirani anaenda kuswali, anaenda kufuata mzigo stoo, unakalia kigoda chake mpaka arudi. Ila siku ile giza lilikuwa linaingia.

"Nina haraka, mwanangu," nikasema.

"Mimi nitakushikia, dada!" Heriel akadakia.

Nilitabasamu. Nimemfundisha mwenyewe kusaidia watu.

Josepha hakutabasamu.

"Mama..." akanong'ona. "Mwambie akatae. Upesi."

Kabla sijafungua mdomo, koti lilimvuka lenyewe, likaanguka chini. Nyuma ya pazia mkasi ukaanza.

Kacha... kacha... kacha...

Josepha akatoka mbio.

Chini ya pazia ikateleza futi ya fundi cherehani. Hakukuwa na mkono ulioishika. Ikapanda mguu wa Heriel, ikamzunguka kiuno, ikapima mabega.

"Mama, inanitekenya," akasema. Halafu akaanza kulia.

Nilimbeba, nikakimbilia mlangoni. Nikajikuta nje, mikono mitupu. Yeye amesimama ndani, palepale. Nikarudi, nikambeba tena. Nje, mikono mitupu. Mara ya tatu nilimfunga kwa kanga mgongoni, mafundo mawili. Nilipovuka kizingiti kanga ililegea, haina kitu.

"Mama, miguu haitaki."

Nikapiga magoti mbele ya pazia. "Nichukue mimi. Nafua, nashona, napika."

Mkasi ukatulia. Nyuma ya pazia ikatoka sauti, ya mtu aliyebana pini kwa midomo.

"Mkubwa hafundishiki. Lete mtoto mwingine."

Kacha... kacha...

Nilitoka nikihema. Josepha hakuwa amefika mbali. Alisimama kwenye mdomo wa kichochoro, anatazama ghorofa na taa za simu mikononi mwa watu.

"Nyumba yetu ilikuwa hapa," akaniambia. "Ya udongo, mlango wa kijani. Mama alinituma uzi mweupe..."

Nilimkumbatia. Alikuwa mwepesi, kama nguo tupu. Mwanamke mwenye huruma angemshika mkono akamtafutia watu wake. Hivyo ndivyo nilivyojijua mimi, kabla ya jioni ile.

Nikasema, "Josepha, mwanangu... nishikie duka. Kidogo tu."

Akageuka kukitazama kichochoro.

"Utaleta mtu wa kunipokea?"

"Nitaleta."

"Lini?"

"Kesho."

Akanishika mkono, tukarudi pamoja. Akaliokota koti mwenyewe. Lilipombana mabegani, Heriel akanidondokea kifuani, wa moto, mzima. Nilimbana hadi akalalamika. Tulipokuwa tunavuka kizingiti ile sauti ikasema, bila hasira:

"Ameshapimwa. Nguo yake ninayo."

Kesho yake nilirudi, peke yangu. Sadalla alinishangaa.

"Chini ya ngazi? Mama, pale ni ukuta. Mimi nilikuelekeza vifremu vya kushoto."

Nikaushika ukuta. Saruji, ina vuguvugu. Nikashukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru kuwa hakuna mlango.

Miezi ikapita. Ijumaa iliyopita, jioni, tulikuwa tunakatiza kuelekea Mnazi Mmoja, nimemshika Heriel mkono. Katikati ya maduka mawili ya simu, mlango wa mbao ulikuwa wazi. Josepha amekaa kwenye kigoda. Hajakua hata kidogo. Nyuma yake, kwenye msumari, limetundikwa koti jipya la bluu, dogo.

Hakulia, wala hakunilaumu. Aliinama kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

Tangu nimekuwa mtu mzima sikuwa nimewahi kuiacha shikamoo ya mtoto bila kuiitikia.

Nikamvuta Heriel, nikaongeza mwendo.