Asiyeitwa Hubaki

Jua lilikuwa linatua Abdia alipotoka dukani kwa Najib, kufuli mpya mkononi na shuka mbili kwapani. Shuka zilikuwa za kulalia Wazungu. Kesho yake yeye, mumewe na mtoto wangeondoka Minjila kwenda Uholanzi, na Waholanzi nao wangekuja kulala kitandani kwake.

Jambo hilo lilikuwa gumzo la mji kwa mwezi mzima. Mukhtar, mume wa Abdia, alikuwa afisa wa mifugo, na alikuwa amepata masomo ya miezi kumi. Mholanzi mmoja, bingwa wa malisho, alikuwa anakuja Tana kupima majani ambayo ng'ombe wa Waorma wameyala tangu enzi za mababu bila kupimiwa na mtu. Wakaandikiana, wakaafikiana: njoo ukae kwangu, nami nikakae kwako, familia kwa familia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Nyumba nayo hubadilishwa kama mbuzi sokoni? Na wake je, mnabadilishana?" Mukhtar alicheka pamoja nao.

Abdia hakucheka. Alikuwa na sababu moja tu ya kutotaka kuiacha nyumba ile, nayo haikuwa ya kuchekesha.

Mwaka mmoja nyuma, mwezi kama huo, Tana ilivunja kingo ikaingia hata mahali ambapo wazee walikuwa wameapa haifiki. Binti yao Ikran, mwenye umri wa miaka sita, alitoka jioni kumfuata ndama wake. Ndama alikuwa amevalishwa kengele ya mti shingoni. Waliokuwa ndani waliisikia ile kengele ikienda mbali majini, kwa... kwa... kwa... kisha wasiisikie tena. Mitumbwi ilitafuta hadi kijiji cha Ngao na zaidi. Ndama alipatikana, amevimba. Ikran hakupatikana. Hapakuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kuzuru. Watu waliomba dua, wakaenda zao, na polepole wakaacha kumwita Abdia "Mama Ikran". Wakawa wanamwita "Mama Halkano", kwa jina la mwanawe mdogo aliyebaki. Walifanya hivyo kwa huruma, nao moyo wake ulikatika kila mara.

Basi kila magharibi Abdia aliweka mlangoni kibuyu kidogo cha maziwa, kilichofukizwa kwa kaa la moto jinsi mtoto alivyopenda. Asubuhi alikikuta kitupu.

"Ni paka," Mukhtar alisema.

Huenda. Lakini paka gani hunywa maziwa, kisha akarudisha kifuniko?

Walipokuwa wakifunga mizigo, Abdia alimuuliza mumewe, "Akirudi akakuta wageni, je?"

"Nani?"

"Unamjua."

Mukhtar alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Nihurumie, Mama Halkano," alisema. "Mimi pia nilimzaa." Abdia akainamia mizigo, maana machozi yalikuwa yamemjaa mumewe machoni, na hakutaka kuyaona yakidondoka.

Sasa alikuwa anarudi kutoka dukani na kiza kilikuwa kinaanza kuingia. Mwaka huo vuli ilikataa kabisa. Majani yalivunjika chini ya kandambili zake. Alipofika kwenye kijito kikavu nyuma ya nyumba yake, pua ilimshtua.

Matope.

Ile harufu ya mafuriko, ya majani yaliyooza na maji yaliyolala... mahali ambapo hapakuwa na hata tone la maji.

Abdia alisimama.

Kwa... kwa... kwa...

Kengele ya mti. Nyuma yake. Karibu.

"Mama."

Sauti ilikuwa ndogo, na ilikuwa na kile kikohozi ambacho Ikran alikuwa nacho kila msimu wa baridi.

"Mama, mnahama?"

Kila aliyelelewa kando ya Tana anajua: ukiitwa magharibi na usiyemwona, usiitike, wala usigeuke. Abdia alilijua hilo kabla ya kujua kusema vizuri. Moyo wake wote ulitaka kugeuka. Shingo ikakataa. Miguu ndiyo iliyomtoa pale, mbio, shuka zikaanguka na hakuziokota.

Mama mkwe wake, Bibi Darmi, ambaye angebaki na ufunguo mpaka wageni wafike, alikuwa jikoni akichemsha maziwa. Alimtazama mkaza mwanawe mara moja tu, akaelewa.

"Uliitika?" alinong'ona.

"Sikuitika, Mama."

"Uligeuka?"

"Sikugeuka. Mama, ilikuwa sauti yake. Hata kikohozi..."

"Mto huchukua sauti kabla haujachukua mtu." Bibi Darmi alimkalisha chini, akamshika mikono yote miwili. "Sikiliza mimi. Kesho utaita majina. Yule, wewe usimwite."

Hiyo ilikuwa desturi ya ukoo wao tangu zama za kuhamahama na ng'ombe. Siku ya kuhama, mwanamke mwenye nyumba husimama mlangoni akaita watu wake mmoja mmoja kwa jina. Kila mmoja hujibu, "Niko." Kisha yeye huzima moto kwa maziwa, safari ikaanza. Aliyeitwa hufuata popote nyumba iendako. Asiyeitwa hubaki. Ndiyo sababu wafu hawaitwi.

"Lakini hatukumzika," Abdia alisema. "Nitajuaje kama ni mfu wa kuachwa au ni mtoto aliyepotea?"

Bibi Darmi alizidi kumkaza mikono. Naye alikuwa amempoteza mjukuu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imepasuka. "Mimi sijui, binti yangu. Mimi najua wewe iko na mtoto moja hai. Ukiita, kitu itafuata. Kama si Ikran, italala wapi? Italala na Halkano."

Asubuhi gari lilikuja mapema. Abdia alikuwa amekusanya gauni la Ikran, picha yake na ndara zake, akavitia sandukuni na kuvifungia kwa ile kufuli mpya, ili wageni wasione dalili ya mtoto. Alisimama mlangoni.

"Mukhtar!"

"Niko."

"Halkano!"

"Niko!" Mtoto alipiga kelele. Tangu alfajiri alikuwa amevaa koti la baridi na jasho lilikuwa linamchuruzika.

Abdia alibaki amefungua mdomo. Jina lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Bibi Darmi alimkazia macho.

"Mama," Halkano alisema, "umemsahau Ikran."

Abdia alimimina maziwa juu ya makaa. Moto ulilia, ukafa. Gari lilipoondoka alitega sikio mpaka barabara ya Garsen, asisikie kengele wala sauti. Ukimya huo ulimuuma kuliko kuitwa.

Nyumba ya Uholanzi ilikuwa nyembamba, ndefu, yenye ngazi zilizosimama wima kama za kupandia mnazi. Marijke, mwenye nyumba, mke wa yule bingwa wa malisho, alikuwa amewaachia mkate, maua, na taulo nene zilizokunjwa vizuri. Wanawake hao wawili hawakuonana, kwani mmoja alipokuwa angani akija, mwenzake alikuwa angani akienda. Nyuma ya nyumba palikuwa na mfereji wa maji meusi, ya kimya. Abdia alifunga pazia la upande huo siku ya kwanza, hakulifungua tena. Jua la Desemba huko huzama alasiri, watu wakiwa bado makazini. Mukhtar alimwambia kwamba wakati uleule Minjila nako ni magharibi. Laiti asingemwambia.

Ilikuwa jioni kama hiyo simu ilipolia. Mukhtar alikuwa chuoni. Halkano alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akichora ng'ombe.

"Hujambo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili chake safi lakini cha kupimapima, kama cha mtu aliyejifunza ukubwani. "Mimi ni Marijke. Niliwahi kufanya kazi ya uuguzi Tanzania, zamani kidogo, ndiyo maana najua Kiswahili. Nasema na Mama Ikran?"

Abdia alikaa kwenye ngazi. Kwa mwaka mzima hakuna aliyemwita hivyo.

"Nani... nani amekuambia jina hilo?"

"Mwenyewe amesema. Binti yako. Anakuja kila jioni, anacheza na watoto wangu. Mtoto mwenye adabu. Lakini nina wasiwasi, mama. Kila siku amelowa, na huku mvua hakuna. Leo nimemuuliza, mama yako yuko wapi? Anasema mlihama. Mliita watu wote, yeye hamkumwita."

Abdia aliishika simu kwa mikono miwili.

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko hapa. Anakunywa maziwa. Anataka kusema na wewe."

Abdia alimtazama Halkano sakafuni. Alikuwa anampaka ng'ombe wake rangi ya kijani, ulimi nje. Maneno ya Bibi Darmi yalimjia yote, neno kwa neno. Alijua kinachompasa. Kuweka simu chini, basi.

Hakuweka.

Alisikia pumzi. Alisikia maji yakidondoka, to... to... to... juu ya sakafu yake mwenyewe, kule Minjila. Kisha kikohozi kile.

"Mama. Mbona hukuniita?"

"Nilikatazwa, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamwagika na hakuyafuta. "Walinikataza."

"Kule nilikuita, hukugeuka."

"Niliogopa. Nisamehe. Niliogopa."

"Naona baridi, Mama." Kikohozi tena. "Niite."

Atakayemlaumu na amlaumu. Labda hajawahi kumtafuta mtoto kwa mtumbwi, akarudi na ndama.

Abdia alisimama. Alikwenda hadi mlangoni mwa sebule, waya wa simu ukimfuata, akasimama kizingitini kama anavyosimama mwanamke mwenye nyumba siku ya kuhama.

"Ikran!" aliita. "Ikran binti Mukhtar!"

Simu ilinyamaza. Hata yale maji yaliacha kudondoka. Kisha Marijke alirudi, sauti yake imebadilika.

"Halo? Mama Ikran? Mtoto... mtoto hayuko. Alikuwa hapa, nimemshika bega. Mlango nimeufunga mimi mwenyewe. Sijui amepita..."

Laini ikakatika.

Nyumba ilikuwa kimya. Giza lilikuwa limeshaingia. Abdia alisimama palepale na simu iliyokufa mkononi, akaanza kuamini kwamba amempoteza mara ya pili.

Ndipo harufu ikaja.

Matope. Matope ya Tana, humo ndani, kati ya maua na mkate wa watu.

Kwa... kwa... kwa...

Ilitoka nyuma, upande wa mfereji.

"Niko."

Halkano aliinua kichwa. Aliweka kalamu yake chini, akaenda dirishani, akafunua pazia kidogo kabla mama yake hajawahi kumzuia.

"Mama, mlangoni kuna mtoto amelowa."

"Ni dada yako?" Abdia alinong'ona.

Halkano alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka mitatu tu mto ulipokuja.

"Sijui," alisema. "Amevaa kama dada."

Mlango wa nyuma uligongwa, polepole, chini kabisa, pale mkono wa mtoto unapofika.

Abdia alimbeba mwanawe, akapanda naye zile ngazi, akamweka chumbani na kumbusu kipaji. Alimwambia asiitike hata akisikia sauti ya mama yake. Alifunga mlango kwa nje, akautia ufunguo kifuani. Kisha aliingia bafuni, akachukua taulo iliyokuwa nene kuliko zote, akashuka kwenda kufungua.