Ala ya Kisu cha Fred

Dunstan alikuwa fundi viatu pale Hai Mauna, mtaa mmoja wa Juba. Kila asubuhi alipanga vifaa vyake chini ya turubai: nyundo, gundi, nyuzi na sindano. Mkewe, Sanyu, alikaanga chapati kando yake. Miaka ile ya baada ya mkataba wa amani, watu walikuwa wakirudi Juba kila siku na viatu vilivyochoka kwa safari. Kazi haikukosekana.

Lakini Dunstan hakuwa na raha. Ng'ambo ya barabara alikaa mwanamke aitwaye Namukasa. Huyu Namukasa alipofika kutoka Uganda, hakujua kushona hata ndara. Dunstan ndiye aliyemfundisha. Sasa alikuwa akishona ala, yaani mifuko ya ngozi ya kuwekea visu, na wachinjaji wote walimkimbilia yeye. Wengine walipita mbele ya Dunstan bila hata salamu! Kijicho kilimkaba. Nyumbani hakutaka hata kutaja jina la Namukasa. Alimwita "yule".

Siku moja alikuja Fred, mdogo wake Sanyu. Fred alikuwa mchinjaji. Kila alfajiri alipanda bodaboda kwenda machinjioni, kisu chake amekifunga kwa gunia.

"Shemeji, mimi naenda kwa Namukasa," Fred alisema. "Nataka anishonee ala."

Dunstan akaruka. "Uende kwa yule, na mimi iko hapa? Lete kisu!"

"Lakini wewe najua viatu," Sanyu alisema polepole. "Kwa nini hapana uliza Namukasa kwanza?"

"Mimi niulize mwanafunzi yangu? Ngozi ni ngozi. Kalas, maneno imeisha."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Dunstan hakuwasikia.

Alikata vipande viwili vya ngozi vinavyolingana. Akavipaka gundi pembeni, akavishona kama anavyoshona kiatu. Mshono ulinyooka vizuri. Kisu kilibana, kwa hiyo akalowesha ngozi, akakisukuma ndani, akaianika ala juani. Ilikauka upesi, ikawa ngumu kama mbao. Dunstan akatazama ng'ambo kuona kama yule ameiona.

Fred aliivaa ala kiunoni, akaondoka kwa furaha. Haikupita wiki, bodaboda aliyopanda iliingia shimoni karibu na mtaa wa Kator. Kisu kilikuwa kimekwisha kukata nyuzi za ala. Kikatoka pembeni, kikamchoma pajani. Walimkimbiza zahanati akashonwa. Muuguzi alisema kisu kingezama kidogo tu zaidi, kingekata mshipa mkubwa, na Fred angekufa.

Sanyu alirudi kutoka zahanati na ile ala, imejaa damu. Hakugomba. Aliiweka mbele ya mumewe, akarudi kwenye jiko lake.

Dunstan aliichukua mkononi. Aliona aibu kubwa. Kama si wivu wake, Fred angekuwa amevaa ala ya Namukasa. Akainuka nayo, akavuka barabara. Ilikuwa barabara nyembamba, lakini siku hiyo aliiona pana sana.

"Nyabo, malesh," alisema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Nisamehe. Shemeji yangu iko na kidonda sababu ya mimi. Nionyeshe kazi."

Namukasa akaigeuza ala mkononi. "Sebo, mshono yako ni mzuri. Lakini ona hapa. Makali inagusa uzi. Kila ukiingiza kisu, inakata kidogo kidogo. Kiatu hapana kuwa na makali. Kisu iko nayo."

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza chora kisu kwa karatasi, uache nafasi ya kushona. Karatasi hiyo ndiyo inakuonyesha pa kukata ngozi."

Kisha Namukasa akakata ukanda mwembamba kutoka kwenye ngozi nene. "Hii unaweka katikati ya zile ngozi mbili, upande ya makali. Paka gundi, shona zote tatu pamoja. Sasa makali inagusa ukanda, hapana gusa uzi."

"Na kisu ikibana?"

"Lowesha ngozi. Lakini kisu funga kwanza na nailoni, isishike kutu. Iingize, bonyeza na vidole mpaka ngozi inashika umbo yake. Halafu anika kwa kivuli. Jua ya hapa inapasua ngozi."

Dunstan akaanza kushona. Namukasa alimtazama vidole, kisha akasema, "Nikuambie kitu? Mimi pia nakuonea wivu. Mshono yangu inapinda. Ndiyo maana nikishona nakupa mgongo, usione."

Dunstan akacheka kwa sauti. "Wewe navuta upande moja tu. Chukua sindano mbili, moja kila upande. Vuta sawa. Ona."

Fred alipopona, alipewa ala mpya. Dunstan aliipindua juu chini, akaitikisa. Kisu hakikutoka. Akaichunguza pembeni: makali hayakugusa uzi popote.

Baada ya muda Fred alikuja na mchinjaji mwenzake, Santino. Santino akaishika ile ala, akaipapasa.

"Hii kazi ya nani?" aliuliza.

Sanyu akaacha kugeuza chapati, akamtazama mumewe.

Dunstan akaweka nyundo chini. "Nilishona mimi," alisema. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Lakini mwalimu yangu ni yule pale. Jina yake Namukasa."

Chapati ya Sanyu iliungua upande mmoja. Hakujali.