Maharage ya Deusdedit

Mzamiaji Telesphor Lyamba alitolewa ziwani Alhamisi, saa nne asubuhi, mtungi wa hewa ukiwa bado mgongoni. Aliyemtoa ni mzamiaji mwenzake, Stanslaus, aliyeletwa kwa boti kutoka Kigoma. Walimlaza kwenye turubai, juu ya mchanga wa mwalo wa Lusambo, kusini mwa Karema. Watu wakasogea, wakatazama, wakarudi nyuma.

Sajenti Gaudensia Malale wa kituo cha Mpanda alipiga magoti kando ya maiti. Alikuwa amefika Jumanne kwa Landrova iliyomvunja kiuno, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kusubiri tu. Alitafuta jeraha, hakuliona. Akainua mkono wa marehemu. Kucha zilikuwa nyekundu, na midomo kwa ndani nyekundu vilevile, wekundu usiofaa kwa mfu. Alikwisha kuuona mara moja, mtaani kwake Shanwe, Mpanda, kwa mume na mke waliolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi.

"Huyu hakufa kwa maji," alisema. "Amekufa kwa moshi."

"Moshi chini ya maji, afande?" Stanslaus alicheka kidogo, kisha cheko likamkauka. Alifungua mtungi, akanusa hewa iliyotoka, akaufunga haraka. "Mungu wangu! Hii hewa ina moshi wa injini. Aliyejaza mtungi huu alimjazia kifo."

Telesphor alikuwa ametoka Dar es Salaam kuchora na kupima meli ya Wajerumani iliyozamishwa hapo wakati wa vita vya kwanza. Wenyeji waliijua tangu babu zao, lakini hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Wavuvi waliikwepa kwa kuwa iliwararulia nyavu. Mwezi mzima kijana huyo alishuka kila asubuhi peke yake, akapanda na michoro yake, akalala. Mtu akiwa na upweke wa aina hiyo, humsimulia mambo yake kila anayemkaribisha chakula.

Gaudensia alimwelewa. Tangu mumewe afariki, yeye mwenyewe alikuwa akipika Shanwe, akipakua, kisha akiketi mbele ya sahani bila kujua aanzie wapi. Chakula cha mtu mmoja hakina ladha, hata ukikitia viungo vya Unguja nzima.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa amefungiwa stoo ya ofisi ya kijiji tangu Jumapili. Ezekia, mwenye mtumbwi, ndiye aliyeshika kamba ya Telesphor siku ile. Wakubwa wa Mpanda walikwisha kuamua kwamba gari la Jumamosi lirudi naye. Na kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu anaweza kukaa rumande mpaka wanawe wamwamkie shikamoo mjomba.

"Kamba haikunishtua hata kidogo, afande," Ezekia alisema. Macho yalikuwa yamemvimba. "Nikaona anachelewa. Nikavuta, ikagoma. Kumbe, leo ndiyo nimeambiwa, aliifungua kiunoni akaifunga kwenye meli, ili atembee vizuri."

"Hewa alijazia wapi?"

"Kwa Mzee Deusdedit. Mashine ya kujazia hewa ilikaa uani kwake. Telesphor alikuwa mkali na mashine ile! Mpira wa kuvutia hewa anaufunga juu ya mti, mbali na bomba la moshi. Kila siku anatwambia, 'Nyie, huu mpira ukinusa moshi, mimi marehemu.' Kijiji kizima tunajua."

"Siku ya mwisho alikwambia nini?"

Ezekia alifikiri. "Alisema kaona nguo nyuma ya meli. Kitenge. Anacheka, ananiuliza, kitenge gani hicho cha Wajerumani kisichooza mpaka leo? Akasema kesho yake anashuka kukiangalia vizuri. Ndiyo kesho yake akafa."

"Nani mwingine alimsikia?"

"Sijui, afande. Huyo alikuwa hafichi kitu. Aliongea na kila mtu."

Mshukiwa wa pili alikuwa Salvator, mnunuzi wa vyuma chakavu wa mtaa wa Kashaulili, Mpanda. Alitaka kung'oa shaba za meli ile, Telesphor akamkatalia, na watu wengi walimsikia akifoka, "Utaozea humo humo!" Ushahidi wa kupendeza kabisa. Bahati mbaya, Salvator alikuwa Mpanda siku Telesphor alipojaza mitungi yake ya mwisho, na tena alikuwa pazuri. Alikuwa amepigana kilabuni, na Gaudensia mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango wa mahabusu. Mgeni wa serikali hana haja ya shahidi mwingine.

Mchana huo Gaudensia aliteremsha ule mpira kutoka kwenye mti uani kwa Mzee Deusdedit. Ulikuwa umefungwa juu, mahali pake. Alichomeka kitambaa cheupe mdomoni mwa mpira, akakizungusha. Kilitoka cheusi. Kwa hiyo mtu aliushusha mpira karibu na bomba la moshi, mashine ikiunguruma, kisha akaurudisha juu kana kwamba haukuguswa.

"Jioni ile mitungi ilipojazwa ulikuwepo hapa, mzee?" alimwuliza mwenye nyumba.

"Nilikuwepo, mama. Telesphor alikuwa ndani anakula. Mimi nilitoka kutazama moto tu," Deusdedit alijibu bila kusita. "Ila uani kwangu hakuna mlango. Ezekia alikuja kubeba mitungi. Watoto wanapita, mbuzi wanapita."

Deusdedit alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mshona nyavu za watu. Kwa kuwa ndiye pekee mwenye chumba cha ziada, Gaudensia alikuwa amepanga kwake, na ukweli lazima usemwe, alipenda kuwa pale. Mzee alimpikia ugali na maharage, akaketi upande wa pili wa sahani, akamsimulia habari za upepo na za mkewe Monika, aliyemwacha miaka mitatu nyuma akavuka ziwa kwenda Kalemie na mchuuzi wa vitenge. Alisimulia bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. Jumatano Gaudensia alijikuta akicheka kwa sauti, akashtuka, maana alikuwa amesahau sauti yake hiyo ilivyo.

Maharage hayakumshangaza. Tangu afike, mwalo mzima ulikuwa ukila maharage na kisamvu, na mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani. Mariana, mke wa Ezekia, ndiye aliyemweleza, wakati mzamiaji alipokuwa bado hajatolewa.

"Mtu akiwa ziwani, afande, hatutupi nyavu. Wala samaki hatuli. Utajuaje huyo samaki kala nini? Mpaka atolewe, azikwe. Akizikwa, basi, tunarudi kazini."

"Na asipopatikana?"

"Jamaa zake hawali samaki wa ziwa hili tena. Wengine tunamaliza arobaini. Wao, mpaka kufa." Kisha akamshika Gaudensia mkono kwa vidole vya baridi. "Mume wangu mnampeleka kweli Mpanda?"

"Gari ni Jumamosi," Gaudensia alisema.

Telesphor alizikwa Alhamisi hiyohiyo saa kumi. Jua halijazama, mitumbwi ilikuwa imeshasukumwa majini. Ijumaa asubuhi mchanga uling'aa kwa dagaa walioanikwa, na kila jiko lilitoa harufu ya samaki wa migebuka. Watu walikula kwa pupa, wakirambaramba vidole, kama waliofungua mfungo. Gaudensia alipita katikati ya harufu hiyo akiwa na njaa tele mpaka kwa Deusdedit.

Mzee alikuwa ameandaa ugali na maharage.

"Leo tena, mzee?"

"Tumbo langu na samaki havielewani, mama. Karibu."

Gaudensia alisema atakula baadaye, akatoka. Kwenye uzio wa pili, jirani mmoja mnene alikuwa akimenya mgebuka kwa kucha. Gaudensia alimtania kwamba akimnyima jirani yake samaki hivyo, dhambi itamkaba kooni.

"Deusdedit?" Jirani alicheka. "Huyo alikuwa mvuvi hodari hapa, anamaliza mgebuka hata mifupa! Tangu mke amkimbie hajagusa. Nyavu zake aliuza, akabaki kushona za wenzake. Maji yenyewe ya kunywa anayafuata mtoni, ziwa hili hapa mlangoni. Mapenzi hayo, afande!"

Gaudensia alisimama. Alitamani sana, kwa moyo wote, asingekuwa amesikia neno lile. Kisha akamkumbuka Mariana na vidole vyake vya baridi. Akateremka ufukweni kumtafuta Stanslaus.

"Utazame nyuma ya meli," alimwambia. "Kuna kitenge."

Saa nane alirudi uani akiwa na sahani. Mgebuka wa kukaanga, mzima, aliyepikwa na Mariana. Aliiweka mbele ya Deusdedit.

"Kula, mzee."

"Nimekwambia, tumbo..."

"Kipande kimoja. Mimi ni mgeni wako, usinitie aibu."

Deusdedit alinyoosha mkono. Vidole vilifika juu ya samaki, akavirudisha magotini.

"Telesphor alikwishazikwa," Gaudensia alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kijiji kizima kinakula. Wewe bado una nani ziwani?"

Mzee aligeuza uso kutoka kwenye sahani. Kuku alipita chini ya mashine ya hewa, akadonoa, akaenda zake.

"Stanslaus yuko chini sasa hivi," Gaudensia aliongeza. Hakutaja mahali.

"Mwambie asivute kwa nguvu," Deusdedit alisema haraka, akiinuka nusu. "Kitenge kimenasa kwenye usukani wa meli. Akivuta atamwumiza."

Halafu akasikia alichokisema, akaketi polepole.

Alieleza yote hapohapo, na Gaudensia akamwacha aseme. Monika alikuwa amefunga mizigo yake kweli. Mchuuzi alikuwa akimngoja Karema. "Nilimshika nguo, nikamwambia subiri kidogo tu. Akanisukuma, nikamsukuma. Akaangukia jiwe la kusagia. Nilitaka asiondoke, mama. Basi, hakuondoka." Alimpeleka pale penye meli kwa kuwa ni mahali pekee ambapo hakuna wavu unaopita.

"Na Telesphor?"

Hapo ndipo alipolia. "Yule kijana alikuwa anakuja kula na mimi kila jioni. Mwezi mzima nyumba ilikuwa na sauti. Jioni ile anatafuna, anacheka, ananiambia, mzee, nyuma ya meli nimeona kitenge, kesho nashuka kukitoa. Nikasema natoka kutazama moto." Alijifuta kwa mkono. "Niliushusha mpira. Baadaye nikaurudisha, nikaingia nikamwongezea mboga."

"Na Ezekia ulikuwa unamwacha aende?"

"Ezekia ana mke wa kumlilia," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na chuki. Gaudensia alimtia pingu bila kujisikia vibaya.

Saa kumi Stanslaus alimtoa Monika. Hakukuwa na mengi: mifupa, mawe yaliyofungwa kwa uzi wa nyavu, na kitenge kilichopauka. Wanawake walimfunika kwa khanga mpya, wakalia kilio cha mtu aliyekufa leo. Ezekia alifunguliwa stoo, akasimama mlangoni akipepesa macho, na Mariana akampiga kifuani kwa ngumi mbili kabla ya kumkumbatia. Mitumbwi ilipinduliwa tena mchangani, mpaka mazishi.

Walimzika kesho yake asubuhi. Deusdedit alitazama akiwa chini ya ulinzi, kwa mbali, kwa kuwa ndugu wa mkewe hawakutaka asogee. Landrova ilipokuwa ikijazwa mafuta alimwita Gaudensia.

"Afande. Ametolewa, si ndiyo? Amezikwa."

"Amezikwa."

"Basi naomba samaki."

Hakuna aliyetaka kumpa. Mwishowe Mariana ndiye aliyeleta, akaiweka sahani chini mbali naye, akaondoka bila kumtazama. Deusdedit alikaa mchangani, akanawa mikono yenye pingu, akakata kipande. Alitafuna polepole, machozi yakimteremkia ndevuni. Kisha, kama alivyofanya kila siku, akainua macho, akasogeza sahani kidogo upande wa pili.

"Karibu tule, mama."

Gaudensia hakuwa ametia kitu mdomoni tangu juzi usiku.

"Asante, mzee," alisema. "Nimeshiba."