Fungu la Mwajabu

Semeni alipofika katika simulizi yake pale ambapo maji yalimpokonya mama yake, namba iliyowaka juu ya kiti chake ilisomeka tisini na moja. Midomo ilimcheza, vidole vikamkakamaa juu ya magoti. Mhandisi Nakijwa Mbwambo, aliyesimama nyuma ya kioo cha vipimo, akabonyeza kitufe kimoja tu. Namba ikaanza kushuka: sabini, arobaini, ishirini, kumi na nne. Msichana akavuta pumzi ndefu, akamalizia kisa chake kwa sauti kavu kama anayesoma ratiba ya masomo. Kwenye viti saba vilivyobaki wenzake walishtuka kidogo, kisha chumba kikatulia.

"Basi?" Semeni akauliza, akimkazia macho mhandisi. "Au unataka na shangazi nimtaje, namba zako zishibe?"

Hicho ndicho kilikuwa kigawahofu. Wasichana wanane walikaa duara, kila mmoja amevaa taji la nyuzi za madini, jepesi kama kitambaa cha kichwani. Taji lilisoma mawimbi ya ubongo, likaitambua hofu pale ilipoibuka, likaimega na kuwasambazia wengine kwa mkondo hafifu wa sumaku. Kumbukumbu ilibaki kwa mwenyewe. Hofu ndiyo iliyohama. Nakijwa, aliyetumia miaka tisa ya maisha yake kukiunda, aliamini kwamba hofu inayomuua mmoja, ikigawiwa wanane, haitamwangusha yeyote.

Wote wanane walikuwa manusura wa Mtondwe. Miaka miwili nyuma, mtambo uliojiendesha wenyewe kwenye bwawa la juu ulifungua malango saa saba mchana bila kupiga king'ora, na mji mzima ukasombwa kabla watu hawajamaliza kula. Jiji la Usagala Mpya, lenye majengo yanayojigeuza kulifuata jua na treni zisizo na dereva, likawapokea wasichana hawa katika shule yake ya bweni.

Mwaka mzima, Mwalimu Tumpale, mshauri wa shule, alikaa nao mara mbili kwa juma bila mtambo wowote. Wengine walisema, wengine walilia, wengine walinyamaza mpaka kengele ikalia. Sasa alikuwa ameamriwa kukaa ukutani na kufunga mdomo ili asivuruge vipimo.

"Umenitoa kwenye duara langu," alimwambia Nakijwa siku ya kwanza, mbele ya wasichana. "Sitakusamehe kwa hilo, nakwambia mapema."

Wasichana nao hawakumpenda. Walimwita Mama Namba, wakabandika ubani uliotafunwa kwenye kioo chake, wakaacha kuitikia salamu zake. Nakijwa hakujali. Namba zilikuwa zikishuka.

Baada ya majuma saba zilikuwa zimeshuka mno. Semeni alirudi kwenye timu ya netiboli na kuanza kuongoza darasa katika hisabati. Feliste, aliyekuwa akijificha chini ya kitanda kila mvua iliponyesha, alionekana akicheza kwenye matone na wenzake. Wastani wa kundi ulisomeka kumi na tisa. Kampuni iliyomwajiri Nakijwa ikaandaa kigawahofu kwa shule nyingine mia mbili.

Asubuhi moja Mwalimu Tumpale aliingia chumba cha vipimo bila kubisha hodi.

"Mwajabu hajala tangu juzi," alisema. "Leo wamemkuta bafuni amejikunyata na nguo zake, anapiga kelele. Unajua alikuwa anamwita nani? Mama."

"Ni kawaida, Mwalimu. Majonzi ya mzazi hurudi kwa mawimbi."

"Mama yake Mwajabu yu hai! Yuko kambi ya manusura, jana nimezungumza naye kwa simu. Mtoto alikuwa anamlilia mama yake Semeni. Halafu akamlilia mdogo wake Feliste. Amewalilia wafu wa duara zima, mmoja baada ya mwingine, na wenyewe wako uwanjani wanarusha mpira."

Nakijwa alipobaki peke yake alifungua kumbukumbu ghafi za mtambo, zile ambazo hakuwahi kuzitazama kwa sababu wastani ulikuwa ukimtosha. Mwajabu alikuwa msichana mkimya kuliko wote. Katika majuma yote hayo hakuwa amesema zaidi ya jina lake. Namba ziliwaka juu ya kiti cha anayesema tu; yake, iliyobaki ndani ya mtambo, ilisomeka mia moja, siku baada ya siku. Kwa kuwa mia ndiyo ilikuwa mwisho wa kipimo, mtambo uliandika mia hata pale ilipopita.

Sababu ilikuwa rahisi. Kama umeme unavyopita palipo na upinzani mdogo, hofu iliyomegwa ilitafuta ubongo usioisukuma. Wasichana wengine, kila walipoguswa na fungu la mwenzao, miili yao iligoma kidogo. Mwajabu hakugoma kamwe. Mtambo haukugawa kitu. Ulikuwa umemtafuta asiyejua kukataa, ukamtwisha yote. Naye, kila hofu iliyomfikia, aliifunga kwenye kisa alichokuwa akikisikia wakati ule.

Kesho yake mchana Nakijwa aliwaeleza wasichana wote. Hakuficha neno. Mwajabu alikuwa kitini, ameshikilia ukingo kwa mikono miwili kana kwamba sakafu inatembea.

"Nikigeuza mkondo, kila mmoja atarudishiwa hofu yake," alimalizia. "Ifanyike mapema. Hofu ikikaa miezi sita kwenye ubongo mgeni, hujishika na haitoki tena."

"Kwa hiyo dawa yake ni sisi tuugue?" Semeni alisema.

"Si kuugua. Ni kurudishiwa kilicho chenu."

"Sikukuomba unichukulie. Na sasa sikuombi unirudishie."

"Mwangalie mwenzako alivyo!"

"Mwangalie wewe! Wewe ndiye uliyetuletea mataji. Sasa umekosea, unataka sisi ndio tukulipie?"

Kelele zikazuka. Mmoja alimwita Semeni mchawi, mwingine akasema hata yeye hatorudia yale maisha. Nakijwa akanyakua taji la akiba, akalivaa, akaketi katikati ya duara.

"Basi nipeni mimi. Yote."

Akageuza mkondo kumwelekea yeye. Namba juu ya kichwa chake ilisomeka sifuri. Dakika ikapita. Sifuri. Akaongeza nguvu ya sumaku mpaka meno yakamuuma, na bado sifuri. Hofu ilimfikia, ikasukumwa, ikarudi kwa Mwajabu, ambaye alitoa sauti ndogo na kuinamisha kichwa.

"Zima!" Mwalimu Tumpale alimvua taji kwa nguvu. "Hata mashine yako mwenyewe imeona kuwa huingiliki."

Hakuna aliyecheka. Nakijwa aliinuka, akarudi nyuma ya kioo.

Feliste ndiye aliyesimama. "Nirudishie yangu," alisema. "Siku hizi nikimtaja mdogo wangu ni kama namtaja mtoto wa jirani. Sitaki. Alikuwa mdogo wangu mimi."

Namba yake ilipanda mpaka themanini na nane, akapiga ukelele, akaanguka mikononi mwa Mwalimu Tumpale. Mwingine akafuata, kisha mwingine. Wengine walimlaani mhandisi waziwazi huku wakijifunga mataji. Jioni ilipokaribia, wasichana sita walikuwa wamerudishiwa, na chumba kizima kilikuwa kikilia.

Semeni hakulia. Alilitupa taji lake sakafuni, akatoka, na juma lililofuata akahamia shule nyingine.

Nakijwa aliandika ripoti kuomba kigawahofu kisimamishwe. Kampuni ilimjibu kwa kumtumia jedwali la wastani, kisha ikafuta jina lake kwenye mtambo. Akaacha kazi. Kila Jumatano alikwenda shuleni kumpima Mwajabu, kwa kuwa hilo ndilo pekee alilolimudu. Mwajabu aliinamisha kichwa apimwe, wala hakumwamkia. Alikuwa akila sasa, na kwenye duara la Mwalimu Tumpale alikuwa ameanza kusema; alisema kwa ukali, kama mtu aliyechoka kunyamaza. Lakini namba yake haikushuka chini ya sitini. Hofu iliyobaki ilikuwa ya Semeni, ya kifo cha mama yake.

Mwaka ulipita. Jumatano moja mlango wa chumba cha duara ulifunguliwa, akaingia Semeni katika sare ya shule yake mpya.

"Jana walisoma majina ya waliokufa Mtondwe," alisema, bila kumsalimu mtu. "Alipotajwa mama yangu, nilikuwa nafikiria chakula cha mchana." Akamgeukia Mwajabu. "Nirudishie."

Mwajabu alimtazama Nakijwa. Ilibidi aseme yeye.

"Haitoki tena," Nakijwa alisema. "Nilikwambia. Miezi sita imepita, imejishika."

"Nyamaza wewe!" Semeni alipaza sauti. "Kila ukifungua mdomo kuna mtu anapungukiwa kitu!"

"Na wewe usipige kelele humu," Mwajabu alimkatiza. Alikuwa amesimama, na wote wakashangaa jinsi alivyo mrefu. "Mama yako mimi ndiye ninayeamka naye. Nikiosha uso namshika mkono, mkono unaniponyoka. Mwaka mzima namlilia mwanamke ambaye hata sura yake siijui. Ulinitupia ukaondoka."

Semeni alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Alikuwa na mwanya," alisema taratibu. "Alikuwa akicheka anauziba kwa kiganja."

Mwajabu akakivuta kiti kitupu kwa mguu, akakisukuma kumwelekea Semeni kwa teke, bila upole wowote.

"Kaa. Wewe utanieleza alivyokuwa. Mimi nitakueleza inavyouma. Tutaanza mwanzo, na usinikatize."

Semeni akakaa. Mwalimu Tumpale akasogeza kiti chake karibu. Nakijwa naye akainua mguu kutaka kusogea.

"Wewe hapana," Mwajabu alimwambia. "Toka, ufunge mlango."

Nakijwa alitia kipimo chake mfukoni, akatoka, akaufunga.