Nusu Huachwa Msituni

Mbwa mmoja mnene alijilaza katikati ya reli mbele ya stesheni kuu ya mji wa Brno, saa kumi jioni, watu wakitoka kazini, naye dereva wa tramu namba nane akafunga breki. Humo ndani kikapu cha fito kikamponyoka dada aliyesimama dirishani. Uyoga ukamwagika, mnono, wenye vichwa vya kahawia, ukabiringika baina ya viatu vya abiria.

"Usiukanyage huo," alisema yule dada. "Huo ndio mkubwa wao."

"Sijaukanyaga. Nimeuzuia kwa kiatu usiende kwa dereva," alijibu kijana mwenye ovaroli ya buluu.

"Huyo dereva ndiye wa kulaumiwa. Breki gani hizi za kumrusha mtu?"

Kijana akauokota uyoga, akaupuliza vumbi. "Breki hizo nimezifunga mimi jana. Muulize mbwa kama ni mbaya."

Dada akachungulia. Mbwa alikuwa amekaa, anajikuna sikio, mzima wa afya. Akacheka. Alivaa gauni la sufu la kahawia, sweta la manjano lililomfika mapajani, na viatu vya mpira vyekundu vilivyojaa matope. Nywele alizikusanya juu akazichomeka penseli.

"Basi nisaidie kuokota, fundi. Ukificha hata mmoja nitajua."

"Nitauficha wapi? Mfukoni nina spana tu."

Hivyo ndivyo Radim, fundi wa karakana ya tramu, alivyokutana na Vendula, mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, mvua za joto zimepita, uyoga wa mwanzo umetoka. Aliposhuka naye alimuuliza ameuchuma wapi.

"Msituni."

"Msitu upi?"

"Ule wenye miti," alisema Vendula, akampa namba yake ya simu badala ya jibu. Katika mji ule utamuuliza mwanamke umri wake na mshahara wake naye atakujibu. Mahali pake pa uyoga humuulizi.

Siku zikaenda. Radim alizoea kumngoja nyuma ya jumba la michezo ya kuigiza, naye hutoka na pini zimemchomeka kifuani kama nishani. Walikula soseji wamesimama, wakapigiana simu hata walipokuwa wameachana dakika kumi tu.

"Breki, umefika?" aliuliza Vendula, kwa jina alilomtungia.

"Niko ngazini bado, mpenzi."

"Basi panda polepole, nikusikie unavyohema."

Mapema Septemba Vendula akamwambia avae viatu vya kuchafuka. Wakapanda treni ya alfajiri, wakatembea saa nzima msituni, hata wakafika kwenye mteremko juu ya kijito, penye mialoni mitatu iliyosimama kama ndugu wanaosengenya.

"Hapa," alisema Vendula kwa sauti ndogo. "Baba alipaona akiwa na miaka kumi na miwili. Hakumwonyesha mtu ila Mama na mimi."

"Na leo mimi."

"Na leo wewe. Nipe mkono kwamba hutakuja bila mimi, wala hutamwambia mtu."

"Unataka nikuapie?"

"Utaapa kwa nani, wewe? Huamini kitu, nami siamini. Baba alikuwa akisema, anayeapa anatafuta shahidi, anayetoa mkono anajitaja mwenyewe. Lete."

Radim akautoa mkono wa kulia, wenye mafuta ya mashine yasiyotoka kuchani. Vendula akaubana.

"Na hapa tunachuma nusu tu. Nusu huachwa."

"Huachiwa nani?"

"Usiyemjua."

"Na kama hatakuja mtu?"

"Basi ni ya msitu. Mbona maswali kama mkaguzi wa tiketi? Ukikata, funika shimo kwa majani, udongo wake usikauke."

Kabla ya kuondoka Vendula aliuendea mwaloni wa katikati, akauwekea kiganja, akainamisha kichwa. Radim alidhani amechoka.

Sasa, kule karakana palikuwa na ubao. Kila vuli mafundi walibandika hapo picha zao na vikapu vyao vya uyoga, na mwenye kikapu kikubwa huitwa mfalme mpaka theluji ianguke. Miaka sita Radim hakuwahi kubandika kitu. "Huyu uyoga anaujua ule wa dukani, uliobandikwa karatasi ya bei," alisema mwenzake Ctibor mbele ya wote, nao wakacheka hata chai ikawapalia.

Alhamisi moja Radim alikuwa na zamu ya mchana. Asubuhi kulikuwa na ukungu. Alijiambia anakwenda kutembea. Treni ikamshusha palepale, miguu ikampeleka kulekule. Alijiambia atachuma nusu. Akakata wa kwanza akafunika shimo, akakata wa pili akafunika. Alipofika wa kumi, mkono ulishasahau ulichoahidi. Alichuma wote, mpaka ule mdogo wa saizi ya kizibo, akajaza vikapu viwili, akaacha mashimo wazi. Hapakuwa na mtu. Kunguru mmoja aliruka akaenda zake.

Akawa mfalme. Ctibor alimpiga picha mwenyewe na kumpa bia. Bia ilikuwa chungu kuliko kawaida. Uyoga aliupeleka chumbani kwake, akaukata vipande, akautandaza juu ya magazeti ukauke. Hakuweza kuuonja. Harufu yake ilijaa hata kwenye mto wa kulalia.

Jumapili simu ikalia.

"Radim, wamepamaliza," alisema Vendula, sauti imekatika. "Hawakuacha hata mmoja. Mashimo tupu, kama nguruwe wamepita."

"Nani?" aliuliza Radim. Na neno hilo moja ndilo lililomfunga.

"Namjua. Njoo kwa Mama."

Vendula na mama yake, Bi Otylie, walikaa ghorofa ya nne. Ghorofa ya pili alikaa mzee Alois, mjane, mwenye kofia ya kijani, mtu wa kanisani kila Jumapili. Yeye na marehemu baba yake Vendula walikuwa wakibishana miaka thelathini juu ya Mungu, na kupeana uyoga. Alhamisi hiyohiyo mzee alirudi na kikapu, akampelekea Bi Otylie sahani iliyojaa. Hilo lilimtosha Vendula kuamini kwamba mzee aliwahi kumfuata baba yake msituni.

Radim alipofika, amebeba mfuko wa viazi alioagizwa, aliwakuta ngazini. Vendula alikuwa anamrudishia mzee sahani yake. Imeoshwa, tupu. Pale jengoni sahani hairudi tupu, hata ikiwa na tufaha moja.

"Shika, mzee Alois," alisema Vendula. "Unaungama Jumamosi, unaiba Alhamisi. Raha iliyoje kuwa na wa kukufutia. Sisi tusio na Mungu hatuna pa kufutiwa, ndiyo maana hatuibi."

Mzee akavua kofia. "Vendula, mwanangu, nimeiba nini?"

"Baba alikuamini."

Mzee akamtazama Radim, labda akitafuta mtu wa kumweleza lile jambo. Radim akayatazama matundu ya mfuko. Viazi vilikuwa kumi na moja. Alivihesabu mara mbili. Mzee akaingia ndani na sahani yake, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Tangu hapo Radim akawa hana pa kuuweka uso. Kazini alifunga bolti na kuifungua tena. Alianza kukwepa.

"Uko wapi, Breki?"

"Kazini."

"Jana kazini, juzi kazini. Tramu za mji huu zote zimeugua?"

"Tuna kazi nyingi."

"Kuna mwanamke?"

"Hapana."

"Nijibu kama mtu mzima. Ana nini kuliko mimi?"

"Hakuna mwanamke, Vendula."

"Basi kuna nini?"

Radim aliibana simu sikioni. Upande wa pili alisikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Sawa," alisema Vendula. "Mwenye kutaka kwenda haombewi ruhusa." Akakata simu.

Siku tatu Radim alikaa na hilo. Angenyamaza, nani angejua? Picha iko karakana, Vendula hafiki huko. Mzee Alois angezeeka na tuhuma yake. Hakuogopa moto wala hukumu, hakulelewa na vitu hivyo, mama yake alimlea kwa maneno mawili tu, "ungependa wewe?" Sasa maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aibu ya kuonekana na watu huisha watu wakiondoka. Yeye kila akinawa aliuona ule mkono.

Siku ya nne aliiondoa ile picha ubaoni. "Uyoga ule niliuiba," alimwambia Ctibor. Ctibor alitaka kucheka, alipomtazama usoni akaacha. Jioni Radim akautia uyoga mkavu kwenye mfuko wa kitambaa, akaenda akagonga ghorofa ya pili.

Mzee Alois alifungua akiwa na miwani na leso ya jikoni kiunoni.

"Mzee, ni mimi niliyemaliza uyoga wa mialoni mitatu. Nilisimama pale ngazini ukitukanwa, nikanyamaza. Nimekuja kukuambia."

Birika likaanza kulia jikoni. Mzee akaenda akalizima, akarudi.

"Amekujua mtu?"

"Hapana."

"Juu umewaambia?"

"Bado. Uliyetukanwa ni wewe, nikaona nianze kwako."

"Sisi tungekwenda kwa padri kwanza," alisema mzee. "Naye angetutuma hapahapa mlangoni. Wewe umeruka kituo kimoja tu." Hakutabasamu. "Niliumia, kijana. Siwezi kukuambia sikuumia. Mke wangu alipokufa, baba yake yule binti ndiye aliyenipikia mwezi mzima. Mtoto wake aniite mwizi."

"Nisamehe, mzee."

"Nitajaribu. Sasa panda. Na usiniombe nikusindikize."

Ghorofa zile mbili Radim alizipanda kwa muda mrefu kuliko mteremko wa msituni. Bi Otylie alikuwa anamenya tufaha, Vendula anashona ukosi wa mfalme wa jukwaani. Radim hakukaa. Aliuweka mfuko mezani, akasema yote, ubao, ukungu, mashimo, ngazi. Hakujitetea, maana kila alipotafuta neno la kujitetea lilinuka.

Vendula aliweka sindano chini. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Unajua pale ni wapi?"

"Mahali pa baba yako."

"Baba yuko pale. Tulimwaga majivu yake chini ya mwaloni wa katikati, mimi na Mama, kama alivyotaka. Hatuna kaburi. Hatuna mahali pengine pa kumwendea. Nilitaka kukuambia siku ile nikaona haya, nikasema nitamwambia mwakani." Akamtazama. "Ulimkanyaga baba yangu kwa ajili ya picha."

Radim akauficha mkono wa kulia mfukoni.

"Nenda," alisema Vendula. "Sipigi kelele. Nenda tu."

Akaenda. Akiwa ngazini alisikia viatu nyuma yake, moyo ukamruka. Vendula alimpita bila neno, sahani ya tufaha lililomenywa mikononi, akagonga ghorofa ya pili. Radim alimsikia akisema, "Mzee Alois, nami nina aibu yangu," kisha mlango ukafungwa.

Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Radim hakupiga simu. Aliona mwenye kukosa hana haki ya kumharakisha aliyekosewa. Alifunga breki, alifungua breki. Kule msituni hakukanyaga. Aliandika barua moja tu, mistari miwili: kwamba hataomba kitu, na kwamba akitakiwa atakuja.

Mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, theluji ikianguka nyepesi, simu ikalia.

"Breki."

Miezi mitatu hakuitwa hivyo. "Nipo."

"Mama ameloweka ule uyoga wako. Anasema kuutupa ni kumkosea Baba mara ya pili. Anapika kuba."

Kuba ni shayiri na uyoga mkavu, kitunguu saumu kingi na mafuta ya bata bukini, huokwa mpaka ifanye ukoko mweusi. Katika nyumba zile, za waumini na zisizo za waumini, bila kuba siku hiyo haijafika.

"Mzee Alois naye yupo, kabla ya misa yake," aliendelea Vendula. "Amesema kama huji, naye hali. Mzee mkaidi yule."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimevaa gauni la kijani. Sivai gauni la kijani kwa ajili ya mzee Alois."

Alifika na viatu vimejaa theluji. Walikaa wanne. Bi Otylie alimpakulia bila kumtazama, lakini alimpakulia ukoko, na ukoko hawapewi watu wote. Radim akaonja uyoga ule kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mtamu, na kwa sababu hiyo machozi yakamlenga. Alipofika nusu ya sahani akaweka uma.

"Mbona huli?" aliuliza Bi Otylie.

"Nusu huachwa, Mama."

"Hiyo ni ya msituni, mjinga wewe. Mezani watu humaliza," alisema Vendula, na pembe ya mdomo ikamcheza. Halafu akaacha utani. "Sikiliza. Septemba tutakwenda. Wewe utasimama njiani, chini kule kijitoni. Nitachuma mimi."

"Sawa."

"Na mwaka utakaofuata vilevile."

"Sawa. Na wa tatu?"

"Wa tatu tutaona kama bado unataka kusimama."

"Nitasimama, Vendula. Hata kama ni mpaka uzeeni."

"Uzeeni nitahitaji mtu wa kunibebea kikapu," alisema, akanyoosha mkono juu ya meza, unaonuka kitunguu saumu. "Lete mkono."

Radim aliutazama ule wa kwake wa kulia. Hakuutoa.

"Huu ulishakudanganya."

"Najua," alisema Vendula. "Ndiyo maana nautaka huohuo."