Tiki ya Kijani

Foleni ya kahawa kwenye ujia wa juu unaounganisha maghorofa, katikati ya Winnipeg, saa ya chakula cha mchana mwezi wa Januari, si mahali pa mtu mwenye akili zake kufungua kompyuta. Reuben Friesen aliifungua. Aliipakata kwenye mkono wa kushoto kama mtoto mchanga, wa kulia unagonga, na foleni ikisogea yeye hasogei.

"Kaka, songa basi. Wenzio tuna njaa."

"Samahani, dada. Hili swali nalibembeleza tangu asubuhi, halinijibu kitu."

Larysa Hnatiuk alichungulia begani kwake bila aibu. Alivaa koti refu jekundu lenye manyoya shingoni, na pua yake ilikuwa nyekundu kuliko koti. Kwa bahati, ama kwa balaa, kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuandika msimbo wa kompyuta.

"Halitakujibu hata kesho," akasema. "Umeliunga vizuri, halafu hujaliambia liende. Limekaa hapo linakutazama tu."

Reuben akaongeza neno moja, akabonyeza. Majibu yakamiminika.

"We mwanamke umetoka wapi?"

"Nyuma yako kwenye foleni. Na bado nina njaa."

Basi ndiyo ikawa hivyo. Kampuni alikofanya kazi Reuben ilipanga magari ya kupeleka wagonjwa hospitali, na kabla theluji haijayeyuka Larysa alikuwa ameajiriwa, meza ya jirani. Walitumia maktaba moja ya msimbo inayokuruhusu kuuliza hifadhidata kwa kuunga vipande: safari zote, nukta, za kesho, nukta, za mgonjwa huyu, nukta, futa. Kila kipande kinapunguza kilichotangulia. Nao wakageuza kazi kuwa mchezo wa simu.

"Namtafuta mwanamke," Reuben anapiga kutoka garini, "nukta, mwenye koti jekundu, nukta, anayejua kupika pirogi, zile za unga na viazi."

"Ukizidisha masharti utakosa wote, mpenzi."

"Namtaka mmoja tu."

"Haya, nukta, njoo ule. Tato anakuulizia."

Tato ni baba yake Larysa, mzee Ostap, fundi wa reli mstaafu aliyeishi peke yake upande wa kaskazini. Figo zilikuwa zimekufa, na gari la kampuni hiyohiyo ndilo lililompeleka kusafishwa damu. Alimpenda Reuben waziwazi. "Huyu anakula kama mtu wa reli," alisema akimwongezea krimu. "Binti yangu, huyu usimwachie."

Kazini walikuwa na desturi moja: hakuna msimbo unaoingia kwenye mfumo mpaka mtu wa pili ausome na kuuwekea tiki ya kijani. Tiki maana yake nimeusoma, na mimi nauwajibikia. Lakini mapenzi yanalegeza mambo, jamani. Larysa akituma, Reuben anatia tiki. Reuben akituma, Larysa anacheka kwanza, halafu anasoma.

Baridi iliyofuata, Larysa aliandika mnyororo wa vipande wa kufuta safari za mgonjwa aliyeghairi. Sharti la mgonjwa alilitia ndani ya "kama": kama namba yake ipo, unga kipande hiki. Tiki ikaja, msimbo ukaingia. Mtu wa kwanza kughairi, namba yake haikufika. Kipande kikarukwa, na mnyororo haukulalamika. Haunaga adabu hiyo. Ukafuta safari za kesho za wagonjwa wote.

Asubuhi madereva walifungua simu zao, hamna safari. Wakabaki nyumbani. Mzee Ostap alisimama mlangoni na koti lake mpaka akachoka. Mbishi yule, hakutaka kumsumbua binti yake kazini. Akatoka kwa miguu kwenda kituo cha basi, kwenye baridi ile ya kugandisha kope. Walimkuta ameketi, mgongo kwenye ukuta wa theluji, kofia mapajani.

Ofisini pakaitishwa kikao. "Hapa hatutafuti mchawi," bosi akasema kwa upole, "tunatafuta kasoro ya mfumo." Maneno matamu hayo kwa mtu ambaye baba yake yuko nyumbani anakunywa chai.

Makaburini, Larysa alimshika Reuben mkono. Macho yalikuwa makavu.

"Reuben, ulisoma?"

"Nilisoma, roho yangu. Sikuliona."

Uongo. Simu ilipolia na ombi la tiki alikuwa dukani anamchagulia pete. Aliitazama skrini, akaona jina la Larysa, akatabasamu, akabonyeza tiki na kurudi kwa muuzaji. Hakusoma hata mstari.

Pete alimvisha theluji ilipoanza kuyeyuka, na Larysa akakubali bila kulia wala kucheka. Alikuwa ameacha kazi. Wageni wakija kumfariji, aliwaambia, "Tuliangalia watu wawili, hakuna aliyeona," huku anamtazama Reuben. Reuben anakwenda kuchemsha maji.

Jumapili moja ya Juni, harusi imekaribia, walikuwa jikoni wakichagua nyimbo. Larysa akaweka kalamu chini.

"Mimi ndiye niliyemuua Tato."

"Usiseme hivyo, mpenzi."

"Nani mwingine? Mimi niliandika, wewe ukasoma. Au?"

Reuben alijua kwamba akinyamaza atapata mke. Alijua pia kwamba mke huyo atabeba mzigo wote peke yake mpaka azeeke. Nampa sifa hiyo moja: alifungua mdomo.

"Sikusoma," akasema. "Lary, sikusoma. Nilikuwa dukani, nakununulia hiyo pete. Nilitia tiki tu."

Larysa alifumba macho. Mabega yakamshuka, na machozi ambayo hayakutoka makaburini yakatoka sasa, mengi, bila sauti.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tiki ilifika kabla sijainua kikombe changu. Nani anasoma hivyo?"

"Na pete ukakubali?"

"Nilifikiri ukishanivisha utaniambia. Nikasema labda wiki hii. Nikasema labda kabla ya harusi."

"Nimekuambia sasa, mpenzi wangu. Nisamehe."

"Ile tiki nimekusamehe zamani, Reuben. Hata mimi ningeweza kuitia. Wote tulikuwa wajinga wa mapenzi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini kwenye hatia ile nimekaa peke yangu mwezi baada ya mwezi, na wewe uko chumba hichohicho."

"Kwa nini hukuniuliza?" Sauti ilimpasuka. "Ungeniuliza tu!"

Larysa alivua pete, akaiweka juu ya karatasi za nyimbo.

"Nilikuuliza," akasema. "Pale kaburini, nimekushika mkono, nilikuuliza."

Reuben alimletea viatu vyake mlangoni, akamsubiri avifunge kamba, na Larysa akatoka.